Majaketi Matatu

Juzi, nje ya duka moja Kariakoo, nilimwona mama akimjaribishia mwanawe jaketi juu ya jaketi katika joto lile. Harufu ya nguo mpya ilinipiga puani, nikacheka peke yangu.

Hivyo hivyo nilivishwa mimi na shangazi yangu Mwanaidi, aliyekuwa akifuata nguo Dubai na kuja kuziuza Kariakoo. Safari moja, nikiwa mtoto, alinichukua; tukiwa uwanja wa ndege wa Dubai kurudi nyumbani, mabegi yalizidi uzito. Akachomoa majaketi, akanivisha matatu, yeye akavaa manne.

"Mzigo ndio unapimwa," aliniambia. "Mtu hapimwi."

Mchana ule, tukiwa angani, ndege ilianza kutikisika ghafla. Vikombe viligongana, abiria wakamwita Mungu kwa sauti, kisha ndege ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Mimi sababu niliijua: tulikuwa tumezidi. Nilichotaka kujua ni ndege imejuaje.

Nikaanza kuhangaika na zipu.

"Wewe, unafanya nini?" shangazi akauliza.

"Navua, shangazi. Tunaiangusha ndege."

Leo najua ulikuwa upepo tu, na kwamba jaketi likivuliwa na kuwekwa chini ya kiti uzito wake haupungui. Siku ile nilisubiri kofi. Badala yake nikasikia zipu nyingine ikishuka. Nilipogeuka, shangazi alikuwa amefumba macho, midomo ikisoma dua, na mikono yake ilikuwa imeshafika kwenye jaketi la pili.