Mahali Uzito Ulipokaa

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye feri ya Kilifi nilikalishwa kwenye pembea. Nilikuwa nimepiga pasi suruali, nikitarajia kukabidhiwa kamba. Badala yake Bwana Msimamizi, mtu wa bara mwenye tumbo la kutosha watu wawili, alilaza ubao juu ya gogo, akaniweka mimi mwisho kabisa. Yeye akakaa upande wa pili, karibu na gogo. Ubao ukatulia sawasawa.

"Nani mzito?" akaniuliza.

"Wewe, mzee."

"Basi mbona sikushindi? Uzito si kilo peke yake, kijana. Ni kilo na mahali zilipokaa."

Kazi yenyewe ilikuwa kupanga magari. Lori lililojaa mkonge hukaa katikati, magari mepesi hugawanywa huku na huku, watu hujaza nafasi inayobaki. Tulisoma na maji pia. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa sana na ncha ya feri hugusa mchanga upesi. Bwana Msimamizi hakutaka kusikia neno "bahati" kazini. Kitu kikiharibika aliuliza kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi, kisha tukajaribu kimoja kimoja. Nilimpenda sana kwa hilo.

Asubuhi moja ya bamvua, upande wa Mnarani, pikapu ilipanda ya mwisho ikiwa na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na hospitali iko ng'ambo. Injini zikanguruma, feri haikusogea. Ncha ya nyuma ilikuwa imekalia mchanga, na maji yalizidi kupwa. Tukichelewa kidogo tu tungekwama pale mpaka maji yajae tena, na yule mwanamke hangeweza kungoja.

Abiria wetu walikuwa na huruma, Mungu awabariki. Wote walikimbilia kwenye pikapu, kule nyuma. Huyu anampepea kwa leso, yule anamwombea dua, na wanaume wameegemeza mabega kwenye ukuta wa feri, wanaisukuma huku wamesimama ndani yake!

Bwana Msimamizi akapanda juu ya boneti ya lori. "Mnaompenda, simameni mbali! Nendeni mbele wote, mpaka mwisho!"

Mama wa mgonjwa akamgeukia. "Wewe baba huna moyo? Mwanangu yuwafa, nawe wawafukuza watu?"

"Mama, wewe baki naye. Hawa wengine ndio wanaomzuia."

Hakuna aliyesogea. Mimi nikaukumbuka ule ubao. Nikaanza kuwashika mikono mmoja mmoja, huyu nambembeleza, yule namsukuma, na dereva wa lori nikamwambia alisogeze mbele. Walikwenda wakinung'unika. Walipojazana kule mbele, nyuma ikanyanyuka kidogo, na feri ikateleza majini. Yule mama akakaa kitako sakafuni akalia kwa sauti.

Mjukuu wake alizaliwa salama, msichana. Baadaye bibi huyo alituletea mahamri, na Bwana Msimamizi akala fungu lake na langu.

Daraja la Kilifi lilipokamilika na feri ikaachishwa kazi, nilihamishiwa Malindi, kwenye bohari ya vifaa vya barabara, nikastaafia huko. Somo la ubao sikuliacha. Liwe kabati la mke wangu au ugomvi wa wanangu, kwanza natafuta uzito umekaa wapi, kisha natafuta nani anasukuma huku amesimama ndani. Mara nyingi ni mimi.

Majuzi tulimzika Bwana Msimamizi huko Junju, alikonunua shamba. Udongo wa pale ni mchanga mtupu. Jeneza lilipoanza kushushwa watu walisongamana, kila mmoja akitaka kumwona mara ya mwisho, na ukingo wa kaburi ukaanza kumeguka. Wabebaji wakayumba, jeneza likainama. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, kubwa kuliko niliyodhani bado ninayo.

"Mnaompenda, simameni mbali!"

Wengine walinitazama kwa hasira, lakini wakarudi nyuma. Mchanga ukatulia. Naye akashuka polepole, sawasawa, bila kuinamia upande wowote.