Ngokela Niliyoiita Kule Mbuji

Mnaponisikia nakataa cheo cha kusimamia watu mnadhani najidai, kumbe ni aibu tu, aibu ya kule Mbuji, milimani, ambayo hata mke wangu nilimsimulia nusu.

Miaka ile soko huria ndiyo kwanza limeingia, wanunuzi binafsi wanapishana milimani kutafuta kahawa, na mimi mtoto wa Lundo kule ziwani niliyekulia kwenye dagaa wa usipa na mihogo (kahawa ikiwa mtini nilikuwa siijui!) nikapewa umeneja wa mtambo mdogo wa kumenya kahawa mbivu, na vijana sita wa Kimatengo chini yangu. Walikuwa wazito jamani. Nilifoka, nikabembeleza, nikatishia kufukuza, wapi. Bosi wangu wa Songea akaniambia wazi kwamba mtambo usipochangamka msimu ule, anaufunga.

Basi nikakumbuka jambo. Mwenye nyumba wangu aliwahi kuita watu shambani kwake, wakaja wengi, wakaimba, wakala, kazi ikaisha mchana. Wenyewe wanaiita ngokela. Nikawaambia vijana, "Kesho tunafanya ngokela hapa, mke wangu atapika." Wakatazamana. Kastori, mkubwa wao, akauliza, "Ngokela kweli, kaka meneja?" Nikajibu kweli kabisa, tena kwa kifua mbele.

Kesho yake sijawahi kuona! Kahawa yote ilimenywa, vichanja vikajaa, nyimbo juu, ugali na maharage vikaliwa mpaka sufuria likalia. Jioni tukaliacha tangi limejaa kahawa iliyomenywa, ichachuke usiku na kuoshwa asubuhi na mapema, nami nikakimbilia simu ya misheni kumwambia bosi vijana wangu wamewaka moto. Akafurahi, akasema kesho analeta mgeni, mnunuzi mkubwa, aje ajionee.

Asubuhi nafika, hakuna mtu. Mkulima mmoja aliyeleta kahawa yake akaninyooshea kidole ng'ambo ya bonde: wote wako kwa akina Kastori, wanachuma. Nikashuka nikapanda, jasho linanitoka, na matusi nimeyapanga tayari, lakini mama yake Kastori akanipokea kwa vigelegele na kunifunga kikapu kiunoni.

"Tulikuwa tunakusubiri wewe, mwanangu. Uliita, wakaja kwako. Leo ni zamu yetu, kesho kwa akina Fransiska, mwenzao wa mtamboni, na wengine wanafuata."

Ndipo nikaelewa, mjinga mimi, kwamba ngokela inazunguka, na aliyeita lazima aende kwa kila aliyemwitikia. Ningesema ukweli pale pale kwamba sikujua. Lakini mama yule alivyokuwa akinitazama! Nikasema moyoni, ngoja nichume saa moja tu, kisha nirudi nao wakaoshe kahawa. Saa moja ikawa mbili, ikawa tatu, na ndipo nikaona gari la bosi likisimama mtamboni.

Nilikimbia na kikapu kiunoni, mikono inanata utomvu, wakulima wote foleni wananitazama. Mgeni alikuwa ameshaingiza mkono tangini. Akaunusa, akaomba maji ya kunawa, akarudi garini. Kahawa ilikuwa imepitiliza kuchachuka, inanuka.

"Vijana wako wapi, meneja?" bosi akauliza.

Walikuwa nyuma yangu, wamenifuata mbio wakidhani kuna ajali. Na mimi (hapa ndipo nilipomficha mke wangu) nikasema, "Bosi, ndio hawa. Vijana wa siku hizi hawapendi kazi."

Aliwafukuza wote sita palepale, mbele ya baba zao waliokuwa foleni. Fransiska alilia, wala hakufuta machozi. Mimi nilibaki na umeneja wa mtambo usio na watu, na kabla msimu haujaisha ukafungwa kweli, kwa hiyo hata uongo wenyewe haukunisaidia kitu.

Lakini kilichonimaliza si hicho. Jioni ile Kastori alikuja mlangoni kwangu, nikajua amekuja kunipiga, na ningemwacha anipige.

"Shikamoo kaka," akasema. "Kesho ni kwa Fransiska. Uje mapema, shamba lao lina mteremko mkali."

Nikamwambia nitakuja. Sikwenda, na tangu siku hiyo sijakubali tena mtu yeyote aniite meneja.