Baba na Habari za Kirolirwe

Tangu tukimbie vita Kirolirwe tukaja kukaa Kitshanga, simu haikumtoka baba yangu mkononi. Jirani mmoja aliyebaki kijijini alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti, na kila ulipoingia, baba alitaka kujua kama nyumba yetu bado imesimama na ng'ombe wetu wako wapi. Mama alipomsemesha, alijibu "njo vile", yaani ndiyo hivyo, bila kuinua macho.

Mchana mmoja mama alipika sombe, mboga ya majani ya muhogo, akamwita baba aje kula. Akamwita tena. Baba alikuwa ameketi mlangoni, karibu kabisa. Mama akaniomba simu yangu, akampigia.

"Alo?" baba akaitika upesi.

"Papa, njo mimi. Niko hapa nyuma yako. Chakula iko tayari, na mguu yangu inauma sana, sikulala."

Baba aligeuka. Alimtazama mama usoni, jambo ambalo sikuwa nimeliona siku nyingi, akafungua mdomo aseme kitu. Hapo ujumbe mwingine ukaingia.

"Ngoja kidogo," akasema, akakata.

Mama alinirudishia simu, akaketi akishika goti lake. Nilitamani kumnyang'anya baba simu yake, lakini sikuwa na kitu cha kumpa badala yake. Nikachuchumaa, nikaanza kumkanda mama mguu. Pale mlangoni, sauti ya jirani ilikuwa ikieleza ng'ombe wa nani wamechukuliwa.