Tone Lililohesabiwa Mara Tatu

Kwenye maabara yetu kuna mama mmoja tunayemwita Bi Hesabu. Aliingia pale kuosha vyombo vya kioo, miaka ishirini na miwili iliyopita, na leo hakuna seli inayotoka mlangoni kabla hajaihesabu yeye. Bosi wetu, Profesa, anachunguza kemikali moja ya ubongo, ile inayouwezesha mwili kumtii mwenyewe. Seli zinazoitengeneza zikifa, mtu huanza kutetemeka, kisha hukakamaa, mwisho hata kifungo cha shati humshinda. Basi Profesa huotesha seli changa kwenye kabati la joto, na daktari wa upasuaji huzipandikiza kichwani mwa mgonjwa. Wawili walishapandikizwa. Wa tatu alikuwa mdogo wake Bi Hesabu, fundi cherehani ambaye mikono ilikuwa imegoma kushika sindano.

Profesa alimwomba Bi Hesabu apumzike siku ya upasuaji, kazi nifanye mimi. Mama akamtazama juu mpaka chini.

"Nikae nyumbani nimsubiri nani aje aniambie?"

Kazi yenyewe ni hii. Unachukua tone lenye seli, unalichanganya na rangi ya buluu, unaliweka kwenye kipande cha kioo, unalitazama kwa hadubini. Seli iliyo hai huikataa rangi, iliyokufa huinywa. Zikiwa hai chini ya themanini katika mia, upasuaji unafutwa.

Asubuhi ile mdogo wake alikuwa ghorofa ya juu, kichwa kimebanwa kwenye chuma, tundu limeshatobolewa, na mwenyewe yu macho, maana daktari hutaka mgonjwa awe anaongea. Bi Hesabu akahesabu: tisini na moja. Nikashusha pumzi. Yeye hakuinua kichwa. Akarudia.

"Themanini na nne," akasema, na sauti haikuwa yake.

Mara ya tatu, sabini na tano.

Niliinama kutazama. Buluu ilikuwa imetapakaa kote. Mimi ni mwoga, sifichi. Nilitamani ningekuwa nimeumwa siku hiyo. Seli zile zilioteshwa miezi mitano kwa ajili ya mtu mmoja, akiba haikuwepo, na kichwa cha mtu hakitobolewi kila wiki. Bi Hesabu, jasho likimtiririka mpaka kwenye miwani, akapiga simu juu.

"Profesa, zinakufa. Msimwekee."

Nilisikia mashine zikilia kule juu.

"Ulihesabu tone lile lile?" Profesa akauliza.

Bi Hesabu akakitazama kioo, kile kile cha tangu mwanzo. Siku yangu ya kwanza kazini alinifokea kwa kosa hilo hilo. Rangi ile ni sumu. Ikikaa dakika chache huziua hata seli zilizo hai. Kwa hofu, mwalimu wangu alikuwa amelikodolea macho tone moja mpaka likafa mbele yake.

"Chukua jipya," Profesa akasema. "Hesabu mara moja tu, halafu ondoa macho."

Nikamshikia kichupa cha seli. Akahesabu, midomo ikienda bila sauti.

"Tisini."

"Haya, tunaweka."

Kisha ikaja sauti nyingine kwenye simu, nzito, ya mtu anayelisukuma kila neno. "Dada, una uhakika?"

Macho ya Bi Hesabu yalikuwa yameshaanza kurudi kwenye hadubini. Nikakichomoa kile kioo, nikakitupa kwenye pipa. Akanikamata mkono, akaubana mpaka nikauma meno.

"Nina uhakika, mdogo wangu," akasema.

Simu ikakatika. Akanisogelea, machozi yakimlengalenga, akaninong'oneza kama mtoto anayeomba.

"Kitoe humo pipani, mwanangu. Nikitazame kidogo tu."

Nikasimama mbele ya pipa, sikuondoka.