Siku Mkwe Wangu Aliponikalia Ndani ya Kigari cha Mkonge

Aibu hii nimeishi nayo tangu enzi za Mwingereza, na wajukuu kila Idi wananing'ang'ania niihadithie, basi naiandika kwa mkono wangu mwenyewe (nimesoma darasa mbili tu, mtanivumilia) wanisome waniache nipumzike. Waliokuwepo ni hawa: Fundi Saidi Chilumba, mwenye kigari chake, Ahamadi Nyoni na Mbaraka Nyoni, ndugu wa tumbo moja, wavuta kamba, baba yangu mzazi, Mzee Issa Mnali, na Bi Zainabu binti Likoko wa Sudi, mama yake Bakari mchumba wangu. Somo wangu aliyekuwa akinifunda, Bi Hadija binti Mfaume, yeye hakuwepo, alikuwa amelala, na kulala kwake ndiko kulikoniponza.

Fundi Saidi alikuwa akitengeneza reli za shamba la mkonge, zile za kupitishia vigari vya kubebea majani. Zilipong'olewa za zamani akaziomba, akazilaza kuanzia juu ya kilima mpaka kiwanja cha sikukuu hapa Lindi, na katikati akajenga tuta, ili kigari kiporomoke, kipande tuta, kiporomoke tena, kikasimame kwenye lundo la mchanga. Watu wapande Idi Mosi. Ramadhani nzima mji haukuwa na habari nyingine, huyu anasema tuta limezidi kimo, yule anasema kigari kitaruka kitumbukie baharini, na mimi yote hayo nayasikia kupitia dirishani, maana nilikuwa mwali, nimewekwa ndani, nasuguliwa liwa ya msandali uso mzima, harusi yangu ni mfunguo mosi. Mwali haonekani nje mpaka atolewe, sembuse kuonwa na mkwe! Bi Zainabu nilikuwa namjua kwa sauti tu, siku walipokuja kuposa, nami niko nyuma ya pazia. Na baba alikwishasema, "Ukitia mguu nje kabla ya siku yako, harusi hakuna, na mimi sina mtoto."

Basi siku hiyo baada ya alasiri somo wangu saumu ikamzidi, akalala, anakoroma, na buibui lake linaning'inia msumarini. Nikalivaa, nikajiambia nikakione tu, nitarudi hajaamka. (Hilo "tu" ndilo lililonimaliza.)

Nikafika juu. Fundi na wale ndugu wawili wako bondeni wanakunja kamba, kigari kimesimama peke yake, kimezuiwa kwa jiwe gurudumuni, ndani mna magunia ya nazi ya kujaribia uzito, yamefunikwa jamvi. Nikakishikashika ukingo. Mara nasikia kikohozi cha baba! Nageuka, watu wanapanda kilima, wengi, na njia ni moja. Ukikaa ndani siku hazina majina, nilikuwa nimesahau kuwa leo ni ishirini na tisa na watu wanakuja kutazama mwezi. Nifanyeje? Nikaingia kigarini, nikajikunyata kati ya magunia, nikavuta jamvi.

Fundi akapanda na wale ndugu, watu wakamzunguka. "Kimejaribiwa na mtu?" "Bado, nazi tu. Nani atapanda?" Ndipo nikasikia ile sauti ya siku ya posa, ya Bi Zainabu.

"Wanaume wa Lindi mna ndevu za bure! Kigari kidogo hiki? Hebu nishikeni mkono."

"Mama, umetoka safari ya Sudi, na saumu..."

"Saumu haikai miguuni. Nikae wapi?"

"Hapo juu ya nazi, mama."

Akanikalia. Wallahi mkwe wangu mzima alinikalia, na alikuwa mama mwenye mwili. "Nazi zenu laini," akasema, na Mbaraka akaondoa jiwe.

Sikumbuki kuteremka, nakumbuka kupiga kelele, na yeye anapiga kelele, na jamvi limeruka na buibui limenivuka kichwani, na tumekumbatiana kama tuliozaliwa pacha. Kigari kikafika tutani, kikapanda nusu, kikachoka, kikarudi kinyumenyume, kikaja tena, kikarudi tena, kama mtu anabembeleza mtoto.

"Funga breki, we Saidi!"

"Breki haijafungwa, mama, ilikuwa tuifunge kesho!"

Kilipotulia, Bi Zainabu akanitazama, uso wangu umekuwa wa manjano kwa liwa. "Nazi gani wewe unayelia?" Na juu kilimani mtu akapiga ukelele, "Jamani, mna mwali kigarini!" Watu wakausahau mwezi. Kabla hawajafika, yule mama akavua kanga yake ya juu akanigubika kichwa chote, na humo gizani nikamsikia baba yangu mwenyewe: "Mwali wa nani huyo asiye na adabu? Watu wengine hawajui kulea!"

Bi Zainabu akanishika mkono, tukashuka. "Kwenu wapi?" Nikisema kwetu, nimekwisha. Nikanyoosha kidole nyumba ya jirani. Akatazama ile nyumba, akatazama ya pembeni yake, ile aliyokuja kuposa, akasema, "Haya, wasalimie," akaenda zake. Nikapita uani.

Somo wangu akaliona buibui lililojaa grisi, akakaa kitako. "Baba yako akijua, mimi sipewi mwali tena mji huu." Kuanzia hapo kila ikipigwa hodi najificha mvunguni, nikijua ni mjumbe wa kuvunja posa. Nje wanawake wanaimba, "Gari la mkonge limebeba liwa," na baba anacheka nao!

Siku ya harusi nikafunuliwa mbele ya wanawake wote. Bi Zainabu akanishika kidevu, akanitazama mpaka jasho likanitoka mgongoni. Akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi. Ndiyo kwanza namwona leo." Vigelegele vikapigwa, naye akainama kunibusu. "Na kanga yangu, umeifua?"

"Grisi haitoki, mama."

"Basi kaa nayo."

Tangu hapo chombo chenye magurudumu sikipandi mpaka nimwone dereva wake amekaa na kushika breki, na nyumbani sitoki ila nimeuliza leo tarehe ngapi. Kama kati ya Ahamadi na Mbaraka nimemkosea aliyeondoa jiwe, mliobaki nisahihisheni, kichwa kimezeeka. Ila habari ya kanga msinisahihishe. Ninayo sandukuni, na grisi yake haijatoka mpaka leo.