Jeti ya Baba Watoto

Mume wangu alipotangaza kwamba jeti yake itaruka Jumamosi, nilimuuliza swali moja tu: itarukia wapi? Akajibu, "Angani." Ndivyo alivyo.

Ni fundi simu. Alitoka Masasi akaja Newala kunioa, na kwa kuwa kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, alihamia na begi moja na boksi la bisibisi. Shamba ni la mama, mikorosho ni ya mama, na siku moja itakuwa yangu. Yeye alileta bisibisi. Sisemi kwa kumsimanga, ingawa namsimanga.

Ndege aliijenga sebuleni, akifuata video za Wazungu kwenye simu. Kiwiliwili kilikuwa cha lile povu gumu jeupe linalokinga televisheni ndani ya boksi, mabawa marefu kuliko kitanda chetu, magurudumu ya baiskeli ya mtoto, na juu yake rangi ya fedha. Watoto walikula wakiwa wameinama chini ya bawa. Ndani ingekaa feni, alinieleza, ivute hewa mbele na kuitema nyuma kwa nguvu, na rimoti ingemaliza yaliyobaki. Feni na injini ya kuizungusha hakuwa nazo. Nikaona macho yake yanakwenda stoo.

Stoo kulikuwa na mashine ya mama ya kupulizia salfa, yenye injini na feni yake ndani. Asiyelima korosho na ajue: mikorosho ikitoa maua, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unayavamia, na usipopuliza salfa, dawa ya unga wa manjano, kwa wakati, maua hayo ni ya kutazama tu. Yetu yalikuwa yameshafunguka. Mama alipanga tupulizie Jumapili alfajiri, kabla upepo haujaamka. Nikamwambia, "Baba watoto, chukua chochote humu ndani, hata kitanda. Mashine ya mama usiiguse." Akacheka, akasema namfikiria vibaya. Kumbe nilimfikiria vizuri mno.

Jumamosi uwanja ulijaa. Uko karibu na ukingo wa mlima, pale ardhi inapokatika ghafla, watu wakapaita Shimo la Mungu; ukichungulia unaona bonde la Ruvuma mpaka macho yachoke. Palikuwa na viti vya plastiki, spika na mgeni rasmi, maana kwetu hata kuzindua choo kunataka mgeni rasmi. Huyu alikuwa ofisa mstaafu. Alihutubia kuhusu sayansi na teknolojia mpaka kivuli kikatuhama, akamalizia kwa kusema kwamba sasa Newala ina anga lake. Tukapiga makofi, kana kwamba zamani tulikuwa tunaazima.

Mama aliketi mstari wa mbele. Mume wangu akamsogelea, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Litaruka hilo?"

"Litaruka, mama, Mungu akipenda."

Hakumtazama usoni. Nikadhani ni adabu ya mkwe.

Kisha akavuta kamba ya kuwashia. Ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Mlio ule naujua kama ninavyojua kikohozi cha mama. Mashine hiyo nimeibeba mgongoni tangu nikiwa msichana. Mama aligeuka akanitazama. Ndege ilipoanza kukimbia, salfa iliyosalia ndani ikafumka mkiani, wingu zima la manjano. Mshereheshaji akapiga kelele kwenye maiki, "Oneni moshi, kama ndege za jeshi!" Macho yakamwasha mgeni rasmi, akayafikicha, na waliokuwa nyuma wakasema mzee analia kwa uzalendo.

Nilikuwa na hasira za kumtafuna mtu mbichi. Lakini iliruka. Siwezi kusema uongo: ilinyanyuka juu ya vichwa vyetu ikang'aa, na kwa kitambo nilisahau salfa, nikasimama mdomo wazi, namwonea fahari yule mpuuzi. Mzunguko wa kwanza aliuweza. Wa pili, upepo unaopanda kutoka bondeni ukaiinua, naye akabonyeza, akabonyeza tena, akaigonga rimoti pajani kama anavyogonga ya televisheni. Ndege ikavuka ukingo. Tukasikia mlio unapungua, kisha hatukusikia kitu.

Akanigeukia, meno yote nje. "Mama watoto, umeiona? Imeruka!"

"Nimeiona. Na mashine ya mama nimeiona. Ifuate."

Mama akainuka, akakung'uta manjano kwenye khanga yake. "Mwanangu," akamwambia taratibu, "kesho alfajiri tunapulizia."

Aliteremka bondeni. Akarudi jioni magoti yamechubuka, injini begani imepasuka kama nazi. Mashine ya kuazima haikupatikana. Kila mtu alikuwa na maua yake. Basi mama akampa soksi ndefu, ikajazwa salfa, na tangu alfajiri ile mume wangu alipanda mkorosho mmoja baada ya mwingine akiitikisa soksi juu ya maua, macho mekundu, nywele manjano. Wapita njia walimwita, "Rubani, habari za huko juu?" Naye, masikini, aliitikia, "Nzuri."

Matawi ya chini yalizaa. Ya juu, yale membamba yasiyobeba mtu, maua yake yaligeuka kijivu yakapukutika, na hayo ndiyo yalikuwa mengi.

Wakati wa kuokota korosho, mama alisimama chini ya mkorosho mkubwa kuliko yote, akatazama juu. "Anga mkwe wangu analiweza," akasema. "Mkorosho ndio umemshinda."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Tukainama, tukaokota zilizokuwepo.