Baba Aliponisindikiza Msikitini

Siku baba aliposimama mlangoni kwetu Igamba akanizuia kutoka, naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu. Mwalimu wetu wa dini za ulimwengu alitutaka twende kusikiliza watu wa dini nyingine, kisha tuandike. Mama Zuhura, muuza vitenge wa Tunduma, alikubali kunipeleka kwenye darsa la wanawake msikitini.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na hasira zake zilikuwa karibu. "Ukiingia humo, chuo basi. Utabaki hapa tupalilie kahawa." Hakuwa mtu wa utani. Nikaanza kulia.

Bibi, mama yake baba, alikuwa anapukuchua mahindi. Bila kuinua hata kichwa akamuuliza baba: "Siku unabatizwa, nani alikupeleka kanisani?"

Akajijibu mwenyewe:

"Si baba yako? Mtu wa matambiko yule! Alivua kofia, akakaa benchi la nyuma mpaka mwisho wa ibada. Ukarudi na dini yako, naye na yake. Jioni mkala sahani moja."

Sikuwahi kuyasikia hayo. Kwetu babu alitajwa kama mpagani tu, na iliniuma. Baadaye, kwenye somo la historia ya Afrika, wenzangu waliandika habari za wafalme, mimi nikamwandika babu. Usicheke, nilifaulu.

Kesho yake baba akavaa koti la Jumapili, tukapanda basi la Tunduma pamoja. Langoni mwa msikiti alivua kofia, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, kama tunavyosalimia tukifika kwa mkubwa. Wazee waliokaa barazani, wengi watu wa mikoa ya mbali, hawakuijua salamu ile, lakini walimsogezea mkeka. Mama Zuhura akaniingiza ndani, na baba akanisubiri pale mpaka darsa lilipokwisha.

Sasa unaniambia utaliacha somo lilelile la dini za ulimwengu kwa kuogopa kupotea. Usiliache. Kawasikilize watu wanavyomwomba Mungu bila kuwacheka, na ukija likizo uniulize habari za waliotuzaa, kabla sijazisahau. Babu yangu alikaa kanisani mpaka mwisho akarudi na chake. Nawe utarudi na chako.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, na kila lango utakalofika, usogezewe mkeka.